Barabara nzima katika karatasi 55

Mvua imewakuta mteremkoni. Wachukuzi wawili wanapandisha mlima wakiwa na machela begani, vichwa chini, abiria wao amefunikwa gubigubi asilowe. Wengine wawili wanashuka mbio kuelekea bondeni. Mmoja amejitupia koti la majani na kubeba jembe, mwenzake anapambana na mwavuli ambao upepo umekataa ufunguke. Nyuma yao mianzi imeinama safu kwa safu, ya mbele nyeusi, ya mbali kijivu hafifu, na chini ya mianzi hiyo yanaonekana mapaa ya nyumba ambazo kila mmoja wao angependa kuwa ndani yake. Sura ya mtu huioni. Unaona migongo, mashavu ya miguu na haraka.

Hiyo ni picha ya Shono, kituo cha 45 katika barabara ya kale ya Tokaido nchini Japani, na kwa macho yangu ndiyo kazi bora kuliko zote alizofanya Utagawa Hiroshige. Shono hapakuwa na lolote la kujivunia. Palikuwa kituo kidogo, cha mwisho kuanzishwa katika barabara nzima, mwaka 1624, na hapakuwa na hekalu la kuwavuta mahujaji wala mlima wa kusifiwa. Mchoraji mwingine angepapita. Hiroshige alipatilia mvua, na watu wakapakumbuka.

Nasema haya mapema kwa sababu picha za Hiroshige za barabara hii huletwa kwetu zikiwa zimefungwa pamoja na mlima Fuji, maua ya mcheri na uzuri wa Japani, kana kwamba ni kadi za watalii. Ukizitazama moja moja utakuta kitu kingine. Utakuta watu waliochoka, miguu iliyolowa, mizigo mizito, wenye nyumba za wageni wanaong'ang'ania wateja, na kofia inayokimbizwa na upepo. Hiroshige alikuwa mchoraji wa taabu ya safari.

Barabara yenyewe ilitoka Edo, mji ambao leo ni Tokyo, ikafuata pwani ya bahari ya Pasifiki hadi Kyoto alikokaa mfalme. Urefu wake ulikaribia kilomita 490. Mwaka 1601, Tokugawa Ieyasu, aliyekuwa ameshinda vita na kujipatia nchi, aliamuru vituo viwekwe njiani humo ili amri na barua zake zipokezanwe kutoka kituo hadi kituo. Vikafika 53. Kila kimoja kilitakiwa kuwa na watu 100 na farasi 100 tayari kupokea mizigo ya serikali na kuisogeza hadi kituo kinachofuata. Misonobari ilipandwa kando kwa ajili ya kivuli, na vichuguu vya udongo vikawekwa kila baada ya takriban kilomita nne ili msafiri ajue amefika wapi. Mtu wa kawaida aliimaliza kwa miguu katika majuma mawili hivi.

Walioitumia walikuwa wa kila aina, lakini kelele zote zilikuwa za wakuu. Kuanzia mwaka 1635 sheria iliwalazimu watawala wa majimbo kukaa Edo kwa zamu, mwaka huu huko, mwaka ujao kwao, huku wake na watoto wao wakibaki Edo moja kwa moja. Ukiondoa heshima ya maneno, hao walikuwa mateka. Basi kila mara mkuu alipokwenda au kurudi alisafiri na msafara wa mamia ya watu wenye mikuki, masanduku na bendera, na raia waliokutana nao waliinama kando ya njia. Milimani Hakone, kituo cha 10, kulikuwa na lango la ukaguzi ambapo maofisa walitafuta vitu viwili kwa bidii: bunduki zinazoingia Edo na wanawake wanaotoka. Bunduki zilimaanisha uasi. Mwanamke aliyetoroka huenda alikuwa mke wa mtawala, na mateka akishaondoka, mumewe yuko huru kuasi.

Mtu mdogo hakusafiri apendavyo. Alihitaji kibali, na sababu iliyokubalika kirahisi ilikuwa hija. Ndiyo maana katika picha hizi mahujaji wamejaa tele. Pale Numazu, magharibi imeingia na mwezi umekamilika juu ya mto, yupo anayetembea na kinyago kikubwa chekundu cha pua ndefu mgongoni, anakipeleka hekaluni, na wenzake wanajikongoja mbele yake. Kwa wasiopata kibali, wala fedha, wala ruhusa ya mume, ilibaki karatasi.

Aliyewapa karatasi hiyo alizaliwa Edo mwaka 1797, mtoto wa askari wa zimamoto katika ngome ya mtawala mkuu wa nchi. Kazi hiyo ilirithiwa, na Hiroshige aliirithi akiwa na miaka 12 tu, katika mwaka uleule aliofiwa na mama na baba. Haikuwa na mshahara wa maana, ila ilimwachia muda. Inasimuliwa kwamba alibisha hodi kwa Toyokuni, mwalimu mkubwa wa zama hizo, akaambiwa nafasi zimejaa, ndipo akapokewa na Toyohiro, mtu mtulivu zaidi aliyependa kuchora mandhari. Kwa miaka mingi Hiroshige alifanya walichofanya wote, yaani waigizaji wa tamthilia, mashujaa na wanawake warembo, kwa kuwa ndivyo vilivyouzika. Kisha, karibu mwaka 1830, mchoraji mzee Hokusai aliyekuwa amepita miaka 70 akaanza kutoa mfululizo wake wa mlima Fuji, na wafanyabiashara wakagundua kwamba wanunuzi wa Edo wako tayari kulipia mlima, mto na njia bila mrembo yeyote katikati.

Mfululizo wa Hiroshige wa Tokaido ulianza kutoka mwaka 1833 na kukamilika mwaka uliofuata. Karatasi zilikuwa 55: moja kwa kila kituo, moja ya daraja la Nihonbashi inakoanzia barabara, na moja ya daraja la Sanjo inakoishia. Mchapishaji alikuwa Takenouchi Magohachi, mgeni katika biashara, mwenye duka lililoitwa Hoeido. Alianza kwa ubia na mchapishaji mkongwe, Tsuruya, kisha akaendelea peke yake. Alicheza kamari na akashinda.

Kuna hadithi iliyorudiwa sana kwamba mwaka 1832 Hiroshige aliambatana na msafara rasmi uliopeleka farasi wa zawadi kwa mfalme, na kwamba njia nzima alikuwa na brashi mkononi akinakili anachokiona. Ni hadithi tamu. Wachunguzi wa leo wengi wanaitilia shaka, na wana sababu. Picha kadhaa zinafuata kwa karibu michoro ya kitabu cha mwongozo wa Tokaido kilichochapishwa mwaka 1797. Halafu lipo daraja la Sanjo. Nguzo zake zilikuwa za mawe tangu mwaka 1590, ilhali Hiroshige alizichora za mbao. Mtu aliyevuka daraja hilo kwa miguu yake, tena mchoraji, angekosea nguzo?

Shaka kubwa zaidi ni theluji ya Kanbara. Hii ndiyo picha mashuhuri kuliko zote katika mfululizo. Usiku, kijiji kimezama katika theluji, mapaa yameviringika, mlima mweupe, mbingu kijivu na nyeusi. Watu watatu tu. Wawili wameelekea upande mmoja, wamejikunyata chini ya kofia na makoti ya majani. Wa tatu anashika njia ya pili, mwavuli nusu umefungwa, fimbo mkononi. Ukimya wake unasikika. Tatizo ni kwamba Kanbara iko pwani ya Suruga, penye majira ya baridi ya upole, na theluji ya kina kile huko ni nadra mno.

Hiroshige alitia chumvi, basi. Mimi simlaumu. Mnunuzi wa Edo hakununua taarifa ya hali ya hewa ya Kanbara. Alinunua usiku wa baridi katika mji asioujua, ambapo kila mwenye nyumba amefunga mlango. Hilo ni jambo la kweli kwa kila aliyewahi kuingiliwa na usiku ugenini, na Hiroshige alihitaji mahali pa kuliweka. Akachagua Kanbara, labda kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kuchora.

Jina lake ndilo lililoandikwa pembeni ya picha, lakini mkono wake ulifanya sehemu ndogo tu ya kazi. Yeye alichora kwa wino mweusi juu ya karatasi nyepesi. Karatasi hiyo iligandishwa kifudifudi juu ya kibao cha mti wa mcheri, na mchongaji akafuata mistari kwa kisu, akiondoa mbao yote isiyo mstari. Mchoro wa awali uliharibika palepale. Hakuna makumbusho yanayoweza kujivunia mchoro halisi wa Shono, kwa maana uliliwa na kisu. Kutoka kibao hicho cha mistari vilichapwa vielelezo, na kila rangi ikachongewa kibao chake. Ili rangi zisipishane, kila kibao kilichongwa alama mbili pembezoni, moja ya kona na moja iliyonyooka, ambapo mchapaji aliegesha karatasi kila mara. Alama hizo mbili ndogo ndizo siri ya ufundi wote. Karatasi ikicheza unene wa uzi, mwavuli unaachana na rangi yake.

Mchapaji hakuwa na mashine. Alipaka rangi kwenye kibao, akalaza karatasi yenye unyevunyevu, iliyotengenezwa kwa maganda ya mforosadi, akaisugua mgongoni kwa kisuguo cha mviringo kilichofunikwa ganda la mwanzi. Mbingu ya Hiroshige, ile inayoanza na bluu nzito juu na kufifia taratibu hadi kuwa nyeupe, haikuchongwa popote. Ni mchapaji aliyepangusa kibao kwa kitambaa na kuipunguza rangi kwa mkono, karatasi moja baada ya nyingine. Ndiyo sababu nakala mbili za kituo kimoja hazifanani. Zipo nakala za Kanbara ambazo giza linashuka kutoka juu ya mbingu, na nyingine ambazo giza limekaa chini, nyuma ya milima, na wapenzi wa picha hizi hawajaacha kubishana ipi inapendeza. Bluu yenyewe ilikuwa ya kigeni. Ni bluu ya Prussia, iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, na ilianza kupatikana Japani kwa bei nafuu karibu na mwaka 1830. Bila rangi hiyo ya dukani, isiyochujuka upesi kama bluu za mimea, hatungekuwa na Hokusai huyu wala Hiroshige huyu.

Hii ilikuwa bidhaa, na haikuona haya kuwa bidhaa. Katika nakala za mwanzo za Shono, ule mwavuli unaopigana na upepo umeandikwa jina la mchapishaji pamoja na jina la mfululizo. Katikati ya tufani, tangazo la biashara. Goyu, kituo cha 35, inapita kiasi. Jioni imefika na wanawake wa nyumba za wageni wametoka barabarani kukamata wasafiri. Mmoja amelivuta furushi la mtu hadi fundo linakaribia kumkaba koo, huku akiangalia kando bila huruma. Msafiri mwingine amekwisha nasa, ameketi kizingitini na bibi kizee anamletea maji ya kuoshea miguu. Ndani ya nyumba hiyo lipo duara kubwa ukutani lenye jina la duka la Takenouchi, na vibao vilivyoning'inia, ambavyo kwa desturi vilibeba majina ya vikundi vya wateja, vimebeba majina ya mchongaji na mchapaji wa mfululizo na jina la usanii la Hiroshige mwenyewe. Mafundi wasiotajwa popote wakajipatia mahali pa kuandikwa, na nimewafurahia zaidi ya mlima Fuji wote.

Ucheshi huu wasomaji wa wakati ule walikuwa wameshauzoea. Tangu mwaka 1802, Jippensha Ikku alikuwa akitoa kwa vipande kitabu cha kuchekesha kuhusu wazembe wawili wa Edo, Yaji na Kita, wanaoshika barabara ya Tokaido wakila, wakidanganya na kudanganywa kila kituo. Wengi huwaona wawili hao katika picha ya Mariko. Wanaume wawili wameketi mbele ya kibanda cha chakula wakila mchuzi wa viazi vikuu vilivyosagwa, sifa kuu ya kituo hicho, na mama mwenye mtoto mgongoni anawahudumia. Mchuzi huo bado unauzwa Mariko hadi leo.

Vicheko viliishia mto Oi. Mto huu unapita kati ya Shimada na Kanaya, na watawala wa Edo hawakuruhusu daraja wala kivuko cha mashua, ili jeshi la adui litokalo magharibi lisivuke kirahisi. Kila mtu alivushwa na watu. Mwenye senti chache alipanda mabegani mwa mchukuzi, mwenye nazo alikaa juu ya jukwaa lililobebwa na wanne au zaidi. Maji yakipanda, mto ulifungwa, na wasafiri walikaa siku kadhaa wakila akiba yao huku wenye nyumba za wageni wakichekelea. Picha ya Shimada imechorwa kutoka juu sana. Msafara wa mkuu umetawanyika juu ya mchanga na maji kama sisimizi, mikuki na machela na masanduku, na ukuu wote umekuwa wa kutegemea mabega ya maskini waliovua nguo. Ulinzi wa nchi uliwapa wanaume wale kazi kwa zaidi ya karne mbili, na utawala ulipoanguka mwaka 1868 kazi ikaondoka nao. Baadhi yao waliishia kulima chai kwenye uwanda wa Makinohara, ng'ambo ya mto huohuo. Mwaka 1879 likajengwa daraja la mbao la Horai, lenye urefu wa karibu mita 900, ambalo lingali linavukwa kwa miguu.

Lipo jambo moja ambalo Hiroshige hakulichora, na ni haki kulisema. Mwaka 1833, karatasi zikiwa ndiyo kwanza zinatoka, Japani iliingia katika njaa kubwa ya enzi ya Tenpo iliyodumu hadi mwaka 1837. Baridi na mvua viliharibu mpunga, na kaskazini watu walikufa kwa wingi. Katika picha 55 hutaona ombaomba aliyekondeana wala kijiji kilichohamwa. Mvua ya Hiroshige inalowesha koti, haiozeshi shamba. Kulikuwa na ukaguzi wa serikali, kila picha ilihitaji muhuri kabla ya kuuzwa, na mnunuzi pia alitaka kutoka nje ya shida zake. Sababu zote hizo nazielewa. Lakini mtu asizitumie picha hizi kama ushahidi wa jinsi wakulima wa Japani walivyoishi mwaka ule.

Soko halikumchoka. Hadi anafariki mwaka 1858, mwaka wa kipindupindu Edo, Hiroshige alikuwa amechora Tokaido tena na tena katika mifululizo mingine mingi, na hakuna iliyoifikia ile ya kwanza. Alichora pia, kwa kupokezana na Keisai Eisen, barabara ya pili ya kwenda Kyoto kupitia milimani. Baada ya hapo picha zake zilivuka bahari. Vincent van Gogh alinakili mbili kwa rangi ya mafuta mwaka 1887, ingawa hizo ni za mandhari ya Edo na si za Tokaido. Msanifu majengo Frank Lloyd Wright aliandaa maonyesho ya Hiroshige Chicago mwaka 1906, na kwa miaka mingi alikuwa muuzaji wa picha za Japani. Ulaya ilijifunza kutoka kwake namna ya kukata picha ghafla pembeni, kama tiara ya Kakegawa inayopaa hadi nje ya fremu, au kilele cha Fuji pale Hara kinachotoboa mstari wa juu.

Barabara imefunikwa na nyingine. Reli ya Tokaido ilikamilika mwaka 1889, treni ya kasi ikaanza tarehe 1 Oktoba 1964, na safari ya majuma mawili sasa huchukua saa mbili na dakika chache. Juu ya daraja la Nihonbashi, pale msafara wa alfajiri unapochomoza katika picha ya kwanza, ilijengwa barabara ya magari ya angani mwaka 1963, na kazi ya kuihamishia chini ya ardhi imekwisha kuanza. Mlima Satta pale Yui, ambako Hiroshige aliwachora wasafiri wakichungulia bahari kutoka ukingoni mwa genge, bado una njia ya miguu. Chini yake zimebanana reli na barabara kuu mbili, na Fuji yuko palepale. Yui kuna makumbusho yanayobeba jina la Hiroshige.

Huhitaji nauli ya kwenda huko. Makumbusho ya Metropolitan ya New York yameweka nakala zake kwenye intaneti, wazi na bila malipo, na ni rahisi kuzipata ukiandika jina la mchoraji na la barabara. Laza simu yako, kwa kuwa karatasi hizi ni pana, kisha zifuate kwa mpangilio wa vituo badala ya kurukia Fuji. Ukifika Hamamatsu mtafute mwanamume anayeota moto kwa mgongo. Ukifika Yokkaichi, mwangalie anayekimbiza kofia. Na ukipata muuzaji anayekuambia anayo ya asili ya mwaka 1834 kwa bei ya kutupa, usinunue: vibao vilichongwa upya mara nyingi, na nakala mpya nzuri za mikono bado zinachapwa Tokyo hadi sasa.